Majani mabichi baada ya kiangazi: mlinde punda wako

Mpenzi msomaji, ukisafiri kwa basi kutoka Nairobi kuelekea Mombasa, kabla hujafika Sultan Hamud utapita kituo kidogo cha biashara kiitwacho Salama. Madereva wa malori husimama hapo wakanywa chai na kujinyoosha viungo. Wengi wetu tunakijua kituo hiki kupitia dirisha la basi tu. Leo naomba tushuke pamoja, tuiache lami nyuma yetu na kuelekea vijijini, kwa sababu huko kuna jambo ambalo familia nyingi za mjini zenye wazazi mashambani hazilijui, na kutolijua kumewatia wengi hasara.

Hebu tuseme ni mwezi wa Desemba. Shule zimefungwa, nawe umewapeleka watoto kwa nyanya yao huko Salama. Kiangazi kilikuwa kirefu. Mahindi yaliyopandwa yalinyauka yakiwa kimo cha kiuno, hayakuzaa kitu. Kisha mvua iliyokuwa imechelewa ikamwagika siku mbili mfululizo, na kufikia siku ya nne kila mahali pameanza kuwa kijani. Kijana wako, ambaye mjini humwoni akishika hata ufagio, anataka kumfurahisha nyanya yake. Anachukua panga, anakata yale mabua ya mahindi yaliyofufuka, anakwenda kwenye boma kuukuu la ng'ombe na kung'oa mchicha wa porini uliomea kama ulioitwa. Anajaza mafungu mawili makubwa. Moja anambwagia ng'ombe wa maziwa, la pili anampa punda aliyefungwa mtini tangu asubuhi baada ya kuteka maji.

Jioni ng'ombe anapumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima. Anayumbayumba, anaanguka, na kabla mjomba hajarudi kutoka sokoni, amekwisha kufa. Punda amesimama ameinamisha kichwa, tumbo linamsumbua, lakini yu hai.

Unadhani nini kitafuata? Mmoja atasema ni jicho la watu. Mwingine atamkumbuka jirani waliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Ugomvi utazuka ambao miaka kumi haitaumaliza. Na kijana, aliyefanya kazi kwa moyo mweupe, hatajua kamwe kwamba sumu ilikuwa katika yale majani aliyoyakata kwa mikono yake mwenyewe.

Msomaji, mfano huu nimeutunga mimi, lakini sumu yenyewe si hadithi. Jina lake ni nitrati.

SUMU HII HUTOKA WAPI?

Wanafunzi mnaosoma somo la kilimo au kemia mnaijua nitrati. Ni chakula cha mimea. Hutoka katika samadi, katika mbolea za dukani kama CAN, na katika udongo wenyewe. Mizizi huifyonza pamoja na maji, nayo majani, yakipata jua na maji ya kutosha, huigeuza kuwa protini. Mambo yakienda hivyo, hakuna sumu yoyote.

Taabu huanza mmea unapopata shida. Wakati wa kiangazi majani hunyauka na ile kazi ya kutengeneza protini hulegea. Mizizi nayo haijakoma kabisa kuvuta. Basi nitrati hurundikana katika shina, hasa sehemu ya chini karibu na udongo. Hatari huzidi zaidi mvua inaponyesha baada ya kiangazi, kwa sababu nitrati iliyokuwa imelala katika udongo mkavu huyeyuka, mizizi huifyonza kwa pupa, na majani yaliyodhoofika hayawezi kuitumia yote. Ndiyo maana siku chache za kwanza baada ya mvua kurejea ndizo za kuogopwa kuliko zote, ingawa machoni petu ndizo zinazopendeza kuliko zote. Wahenga walisema si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Mimi naongeza kwamba si yote yaliyo kijani ni malisho.

Mimea inayojulikana kwa tabia hii ni mtama, mahindi, shayiri ya farasi, na magugu kama mchicha wa porini, mnavu na mnanaha. Magugu hayo hupenda mahali palipojaa samadi, yaani kwenye maboma makuukuu na kandokando ya zizi. Hapo nitrati ni tele.

Jambo hili si geni duniani. Huko Kansas, Marekani, daktari wa mifugo aliyeitwa Mayo aliandika mwaka wa 1895 kuhusu ng'ombe waliokufa baada ya kula mabua ya mahindi yaliyojaa nitrati. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado kila kiangazi kinapokatika kwa mvua kuna mfugaji mahali fulani anayeamka na kukuta zizi lina mizoga.

NG'OMBE NA PUNDA SI SAWA

Huenda ukauliza: mbona katika mfano wangu ng'ombe alikufa na punda akabaki?

Nitrati yenyewe si kali sana. Ukali huja inapogeuzwa kuwa kitu kingine kiitwacho nitriti. Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Tumbo lao la kwanza ni kama pipa la kuchachushia, limejaa vijidudu visivyohesabika, na vijidudu hivyo huigeuza nitrati kuwa nitriti haraka. Nitriti huingia katika damu na kuiharibu ile himoglobini ibebayo oksijeni. Damu nzuri nyekundu hugeuka rangi ya kahawa. Mnyama anapumua, tena kwa nguvu, lakini pumzi haifiki mwilini. Huo ni mfano wa mtu anayezama maji akiwa nchi kavu.

Punda na farasi hawacheui. Pipa lao la kuchachushia liko nyuma, mwanzoni mwa utumbo mpana. Kabla chakula hakijafika huko, sehemu kubwa ya nitrati imekwisha kuingia katika damu ikiwa haijageuka, nayo hutolewa kwa mkojo. Kwa sababu hiyo punda huweza kustahimili kiasi ambacho kingemuua ng'ombe.

Lakini kustahimili si kupona. Kiasi kikiwa kikubwa mno, punda naye hupata maumivu ya tumbo, huharisha, hulegea, hupumua mbiombio, na anaweza kufa. Kuna jambo jingine tena. Mnyama anayezurura huchagua, huonja hapa na pale, na mara nyingi huruka lile asilolipenda. Punda wetu wa kazi hana nafasi hiyo. Ametembea tangu alfajiri na mitungi ya maji mgongoni, amefungwa kamba, ana njaa, na kilicho mbele yake ni fungu moja tu. Mwenye njaa hana miko. Atakula lote.

KWA NINI TUJALI PUNDA?

Wako watakaocheka. Ukurasa mzima kwa ajili ya punda! Lakini muulize mama wa Makueni au Kitui ni nani anayemletea maji. Bila punda, ule mtungi wa lita 20 hurudi mgongoni mwa mama, au mgongoni mwa msichana ambaye angekuwa darasani. Ni punda anayebeba mahindi hadi kwenye posho mill, mchanga na matofali ya nyumba, na matunda hadi kando ya barabara. Karo ya watoto wengi imelipwa kwa kwato zake.

Tena punda wamepungua. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka wa 2009 ilionyesha Kenya ina punda kama milioni 1.8. Ile ya 2019 ilionyesha kama milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo vichinjio vya punda vilifunguliwa, nyama na ngozi zikawa zinauzwa ng'ambo, na wizi wa punda ukatapakaa. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka wa 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Ukimpoteza leo, kumpata mwingine ni safari ndefu na ni pesa nyingi.

MTAMA UNA NDUGU WA SUMU

Watu wa Ukambani wamehimizwa kwa miaka mingi wapande mtama kwa kuwa unavumilia ukame kuliko mahindi. Ni ushauri mzuri. Baada ya kuvuna, mabua hupewa mifugo, na visiki vikipata mvua huchipuka tena. Hapo pana jambo la kuangalia.

Mbali na nitrati, machipukizi machanga ya mtama huwa na sumu nyingine inayotoa sianidi. Sumu hii hupatikana zaidi katika majani machanga na katika mmea ulionyauka kisha ukachipuka. Ng'ombe aliyeingia katika shamba la visiki vilivyochipuka anaweza kuanguka katika dakika chache. Usiruhusu mifugo kulisha hapo kabla mtama haujafika kimo cha sentimita 60 hivi.

Tofauti kati ya sumu hizi mbili ni muhimu ikumbukwe. Sianidi hupungua mtama ukikatwa na kukaushwa vizuri. Nitrati haipungui kwa kukaushwa. Mabua yaliyokuwa na sumu Desemba yatakuwa na sumu ile ile Agosti, hata yakikauka kama kuni. Kinachoipunguza nitrati, ingawa hakiimalizi, ni kuyashindilia majani shimoni au katika mfuko yakachacha, yaani kutengeneza saileji.

Kwa upande wa punda na farasi, mtama una kisa kingine. Wakilishwa mtama mbichi kwa majuma mengi, baadhi yao hupata ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Miguu ya nyuma hulegea, kibofu hupoteza nguvu na mkojo hudondoka wenyewe. Mara nyingi hawaponi kabisa. Kwa hiyo usimfanye punda wako aishi kwa mtama mbichi.

NA MAHINDI YENYE UKUNGU JE?

Hakuna asiyeukumbuka mwaka wa 2004 katika sehemu hizi. Mahindi yaliyoota ukungu wenye aflatoksini yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Tangu hapo watu wamejifunza kutokula mahindi yaliyooza. Hilo ni jema. Lakini mahindi hayo huenda wapi? Wengi husema, "Hebu wapeni punda."

Hapa mambo hugeuka. Kama ng'ombe ndiye dhaifu mbele ya nitrati, basi punda na farasi ndio dhaifu mbele ya ukungu. Uko ukungu wa mahindi unaotengeneza sumu iitwayo fumonisini, nayo huozesha ubongo wa wanyama hawa. Punda huacha kula, huzunguka duara, huenda kama kipofu, husukuma ukuta kwa kichwa, kisha hufa baada ya siku chache. Dawa hakuna. Mahindi yasiyofaa kwa mtoto wako hayafai kwa punda wako. Yaangamize.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Mengi ya mambo haya huzuilika bila gharama kubwa. Mpigie simu aliye mashambani umsomee yafuatayo:

1. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi kirefu, subiri majuma mawili kabla ya kukata mahindi au mtama uliokuwa umenyauka.

2. Ukikata, usikate usawa wa udongo. Acha shina la chini, karibu sentimita 30, kwa sababu ndipo nitrati ilipojaa. Punje zenyewe hazina taabu hiyo.

3. Usimpe mnyama mwenye njaa fungu kubwa la majani mabichi. Mpe kwanza nyasi kavu nzuri, kisha majani hayo kidogo kidogo, asubuhi na jioni, yakiwa yamechanganywa na malisho mengine.

4. Magugu ya boma kuukuu yasikatwe kuwa chakula cha mifugo. Usimfunge punda hapo akalisha.

5. Majani mabichi yaliyokatwa na kurundikwa hadi yakapata joto yatupe. Katika lile joto nitrati huanza kugeuka nitriti kabla hata ya kuliwa, na hapo hata ile nafuu ya punda huondoka.

6. Mifuko ya mbolea ya dukani isitumiwe kulishia wala kubebea malisho, na chombo kilichochanganyiwa mbolea kisinyweshewe mifugo. Ng'ombe hupenda kuramba chumvi, na mbolea ina ladha ya chumvi. Ifungie ndani.

7. Kama una mabua mengi na una shaka nayo, peleka kiasi kidogo yakapimwe. Muulize afisa wa mifugo wa kaunti akuelekeze. Kabete kuna maabara ya mifugo ya serikali, na watafiti wa KALRO wana vituo Katumani na Kiboko. Malisho makavu yenye nitrati inayozidi asilimia 1 ya uzito wake ni ya kuogopwa.

AKIUGUA UFANYE NINI?

Tazama ufizi na ndani ya kope. Ukiona rangi ya samawati au ya udongo badala ya waridi, mnyama anapumua mbiombio na kuyumba, usipoteze wakati. Mwondolee malisho yale, yeye na wenzake wote, hata wasioonyesha dalili. Usimkimbize wala kumlazimisha kutembea hadi kwa daktari, kwani kila hatua inamaliza ile pumzi kidogo aliyobakiwa nayo. Mwache kivulini, mwite daktari wa mifugo, na umweleze hasa mnyama amekula nini na saa ngapi. Habari hiyo ndiyo nusu ya tiba. Daktari anayo dawa ya rangi ya samawati ya kudunga mshipani ambayo hurudisha damu katika hali yake, lakini si ya kubahatisha wala si ya kununua dukani. Sianidi ina dawa yake tofauti, ndiyo sababu daktari huangalia rangi ya damu: ya kahawa ni nitriti, nyekundu kupita kiasi ni sianidi.

Usimshindilie mnyama maji, maziwa wala mafuta kwa chupa. Aliyelegea hawezi kumeza sawasawa, vitaingia mapafuni. Ng'ombe mwenye mimba aliyepona aangaliwe, kwa maana huweza kuharibu mimba siku kadhaa baadaye.

Na akifa ghafla, tafadhali msimchinje wala kumpasua ili "nyama isipotee". Kimeta nacho huua ghafla, na kimeta huua watu. Mwiteni afisa wa mifugo kwanza.

HATA MTOTO WAKO MCHANGA

Kabla hatujaagana, mama mwenye mtoto mchanga asiseme haya ni ya punda tu. Nitrati hiyo hiyo hupenya udongo na kuingia visimani, hasa kisima kilicho karibu na choo, zizi au shamba lililotiwa mbolea nyingi. Mwaka wa 1945 daktari Comly wa Iowa, Marekani, alieleza jinsi watoto wachanga walivyogeuka rangi ya samawati baada ya kukorogewa maziwa kwa maji ya visima vya aina hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa, na wanaohofiwa zaidi ni watoto walio chini ya miezi sita.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati. Maji yanapopungua sufuriani, nitrati iliyobaki huzidi kukolea. Kama unatumia maji ya kisima kumkorogea mtoto maziwa, yapime. Anayenyonya maziwa ya mama yuko salama zaidi.

Msomaji, wanasema asante ya punda ni mateke. Mimi naona mara nyingi ni sisi tunaompiga mateke, tukimtwika mzigo asubuhi na kumtupia lolote jioni. Hata ukiwa ghorofani Nairobi, una mtu mashambani anayemtegemea mnyama huyo. Mpigie leo, umuulize mvua imenyesha lini na punda anakula nini. Na huyo kijana wako, Desemba ikifika, mwache akate majani. Mfundishe tu akate yapi, kimo gani, na baada ya siku ngapi.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.